Hakuna Aliyemkosea Lorene

Ohio, Jumatatu 21 Septemba 2009

Mdogo wangu Orpha,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu, kutoka nyumba ambayo leo haijafua. Mvua imeanza alfajiri, nguo za wiki nzima zimelala kwenye mabeseni, nami nimekaa na kalamu kama mke wa tajiri. Ukimwambia mtu, nitakukana.

Matufaha mwaka huu yamezidi. Tumepika jamu uani mpaka sufuria kubwa linaomba likizo. Mahlon wangu ndiye aliyeshika mwiko mrefu. Akaniambia kazi ya ushemasi ni nyepesi kuliko hii, nikamwambia basi arudi kwenye ushemasi wake, aache kuonja.

Lorene wetu hajambo. Unakumbuka alivyokuwa na mdomo, hata kuku walikuwa hawapati nafasi ya kusema? Tangu abatizwe mwaka jana ametulia kabisa. Mezani anampakulia kila mtu kwanza, yeye anabaki na kijiko cha maharage na kahawa yake. Pai haigusi. Nikimhimiza anasema ameshakula jikoni wakati wa kupika. Mke wa Askofu Melvin aliniambia mbele ya akina mama, tukiosha vyombo baada ya ibada, kwamba laiti mabinti wote wa kanisa wangekuwa na unyenyekevu wa Lorene. Najua kiburi ni dhambi, lakini nakwambia wewe tu: siku ile nilirudi nyumbani natembea kama niliyevaa viatu vipya.

Anaamka kabla yetu, anatembea mpaka mwisho wa njia ya shamba na kurudi, ndipo anakuja kukamua. Kinachonikera ni pini za kubania nguo tu. Kila Jumamosi namkuta anaibana aproni upya. Sasa ncha mbili zinapishana mgongoni, na kopo langu la pini linakaribia kuwa tupu. Nimemwambia ashone aproni nyingine.

Ervin wako anaendeleaje? Bado anashona hatamu za farasi, au amerudia kuezeka mapaa?

Dada yako,
Saloma Hershberger

*

Indiana, 28 Septemba 2009

Dada Saloma,

Barua yako nimeisoma mezani kwa sauti kama kawaida yetu, mpaka nilipofika kwenye pini, nikanyamaza. Ervin akaniuliza, "Vipi, umemeza moja?"

Dada, umeniandikia mvua, matufaha na pini. Katikati yake yupo mtoto anayekonda mbele ya macho yako, na habari yake umeiandika kwa furaha kuliko zote.

Nakuuliza, na usikasirike. Anaziona siku zake za mwezi? Anasikia baridi wakati ninyi mnatoka jasho? Nywele zinabaki kwenye kitana? Umemwona akimeza? Sisemi akipakua, Dada, akimeza. Unyenyekevu naufahamu, mama yetu alikuwa nao wa kutosha, na haukuwahi kumpunguza kiuno.

Miaka mitatu iliyopita nilipokwenda Michigan nilimwona binti mmoja wa watu wetu aliyeanza hivi hivi. Sitasema zaidi. Ila nakuomba usinijibu kwa habari za matufaha.

Ervin anawasalimu. Anashona hatamu.

Mdogo wako,
Orpha Bontrager

*

Ohio, 7 Oktoba 2009

Mdogo wangu,

Maswali yako yangoje, nina makubwa zaidi.

Jumapili tulikuwa na ibada ya maridhiano kabla ya Meza ya Bwana. Unajua inavyokuwa: saa zinakwenda, watoto wanasinzia, kisha wazee wanapita safu kwa safu wakimuuliza kila mshirika kama ana amani na Mungu na kanisa. Watu wanajibu "ndiyo, ndiyo, ndiyo," huku wakiwazia kahawa. Upande wa akina mama aliyepita ni Mahlon. Akamfikia binti yake mwenyewe.

Lorene akasema, "Siwezi kusema nina amani."

Orpha, ningeweza kusikia inzi akijikuna. Mahlon akamuuliza tena, taratibu, na yeye akarudia vilevile. Askofu Melvin akasimama, akasema Meza imeahirishwa, kwa maana kanisa haliwezi kumega mkate ilhali mmoja wetu ana kitu moyoni. Tukala mkate wetu wa siagi ya karanga kimya kama watu wa matanga.

Nyumbani nikambana. Nani amekukosea? "Hakuna, Mama." Umemkosea nani? "Hakuna." Basi ni nini? Akaniambia hajui.

Sasa kazi ya shemasi ni kuzunguka kutafuta ugomvi ulipo, na shemasi ndiye baba yake. Mahlon amekwenda nyumba kwa nyumba na kigari chake cha farasi, kofia mkononi, akiuliza kama kuna aliyemkosea Lorene. Na watu wetu unawajua. Ukiwauliza kama wamekosa, hawakosi la kukumbuka. Mzee Delbert amekuja kuomba radhi kwa bata bukini wake aliyemkimbiza Lorene akiwa na miaka sita. Mabinti wa Yoder wamekuja wakilia kwa sababu waliwahi kumcheka anavyoimba. Wote wamesamehewa. Na hakuna aliyekuja mikono mitupu, kila mmoja ameleta pai. Meza yangu imejaa pai za toba, Mahlon na wavulana ndio wanaozimaliza.

Jana akaja Wilbur, yule kijana mrefu wa kwa Raber, akasema kuna siku vijana walipomrudisha Lorene kutoka kuimba nyimbo za Jumapili jioni alitania kwamba kigari kimeinama upande aliokaa Lorene. Lorene akabadilika uso. Nikasema moyoni, Asante Mungu, tumempata mwenyewe! Wilbur akalia, Lorene akamsamehe, wakapeana mikono. Nikakata pai ya Wilbur, nikaweka kipande mbele ya Lorene kama mtu anayefunga kesi.

Akakitazama tu, Orpha. Akasema, "Nimemsamehe kwa moyo wote, Mama," akaondoka kwenda kukamua.

Saloma

*

Indiana, 12 Oktoba 2009

Dada Saloma,

Mwambie Mahlon amfungue farasi. Hakuna aliyemkosea Lorene.

Nimeisoma barua yako nikacheka kwa bata bukini, na nilipofika kwenye kile kipande cha pai nikalia. Dada, mnatafuta ugomvi kwa sababu ugomvi ndio mnaoujua dawa yake. Huyu mtoto anaumwa. Ni ugonjwa wa akili. Nimeuandika wazi ili usiseme hukuelewa. Hauna haja ya mkosaji. Wilbur angeweza kufunga mdomo wake tangu azaliwe na bado ukaja.

Mpeleke kwa daktari. Daktari wa hospitali, tena, mwache yule mzee anayekanda miguu. Usingoje mwezi uishe.

Nakupenda hata kama utanichukia wiki hii.

Orpha

*

Ohio, 17 Oktoba 2009

Orpha,

Nakuomba neno lile usiliandike tena. Unajua barua zetu zinasomwa mezani. Nimeikunja haraka, lakini Lorene alikuwa amesimama nyuma yangu na birika la kahawa, na sijui macho yake yalifika wapi.

Ugonjwa wa akili! Mtoto wangu si kichaa. Anajumlisha hesabu za maziwa kichwani kuliko baba yake. Nyimbo zote ndefu anazijua bila kitabu. Hajavua nguo barabarani, hajatupia mtu mawe. Mwenye ugonjwa wa akili ni marehemu binamu yetu Enos aliyekuwa akiongea na pampu ya maji, na hata yeye, Mungu amrehemu, alikuwa anakula.

Nimemuuliza Mahlon, bila kutaja neno lako. Akasema, mgonjwa ni yule anayetaka na hawezi. Mtu anayeweza kuinua kijiko na hakiinui, huyo ni mkaidi, na ukaidi unaombewa na kuonywa. Nami nasema hivyo. Akiwa mkaidi atatubu. Akiwa hivyo unavyosema wewe, atafanya nini? Na kanisa litafanya nini? Na nani atamwoa?

Umekuwa daktari tangu lini? Tangu uende Michigan kumtazama mtoto mchanga wa binamu, ukarudi unajua kila kitu.

Yote tisa, kumi nataka nikujibu yale maswali uliyoniuliza mwezi uliopita. Ndiyo. Yote ni ndiyo, isipokuwa la kwanza na la mwisho.

Saloma

*

Ohio, 20 Oktoba 2009

Mama Mdogo Orpha,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Si kwa kumdharau.

Neno lako nililiona. Niliona na jinsi Mama alivyolikunja, kama anaficha panya aliyekufa wageni wasimwone.

Nitakueleza ninavyoweza. Mwanzoni nilifikiri ni unyenyekevu. Nilitaka kumpa Mungu kitu, na sina kitu, nikampa pai. Nilijisikia mwepesi na msafi. Mke wa askofu akanisifu. Baadaye nikataka kuacha, na hapo ndipo nikagundua kwamba si mimi niliyeshika hatamu. Njaa ninayo, Mama Mdogo. Watu wanadhani sina. Nikipika vinanukia mpaka machozi yananitoka. Lakini nikikiinua kijiko kuna kitu ndani kinanifokea kama mbwa wa mlangoni, na hakinyamazi mpaka nikirudishe chini. Siku ile kanisani Baba aliponiuliza kama nina amani, ningesema ndiyo, ningekuwa nimemdanganya mbele ya Mungu.

Tangu hapo wanakuja kunitaka radhi. Wilbur masikini alilia mpaka akapiga chafya. Nimewasamehe wote, hata bata bukini. Nami nimetubu. Nimetubu ukaidi, nimetubu kiburi, nimetubu kumtia Mama aibu. Kila ninapotubu nangoja kitoke, na hakitoki.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana ndiwe uliyelitaja. Ikiwa ni dhambi, basi nimeshapotea, kwa sababu nimeitubia na bado ipo. Ikiwa ni ugonjwa wa akili, Mama ataona haya mpaka kaburini. Nitumaini lipi?

Jana nilipanda ngazi za ghalani nikakaa katikati kupumzika. Niliogopa. Sijamwambia mtu.

Mtoto wako,
Lorene

*

Indiana, 24 Oktoba 2009

Lorene mwanangu,

Tumaini kwamba ni ugonjwa. Tumaini kwa nguvu zako zote.

Nami nakwambia ndivyo ilivyo. Niliuona kwa macho yangu kwa binti mwingine, tena mkaidi kuliko wewe, na mwezi wa nane aliolewa, na kwenye harusi yake alirudia kuku mara ya pili. Ulichonieleza juu ya mbwa wa mlangoni, yeye alikiita mwalimu mkali. Kila mgonjwa ana jina lake, lakini kitu ni kilekile. Ungekuwa mwovu, kingekuacha ulipotubu. Hakikukuacha kwa sababu toba si dawa yake. Mtu mwenye homa ya mapafu akitubu anakufa ametubu.

Kuhusu mama yako, mwachie mimi. Nimemjua kabla yako. Akipiga kelele ni kwamba anaogopa, na barua yake ya mwisho ilipiga kelele sana.

Barua hii nimeifunga ndani ya kifurushi cha vitambaa ili uipate mwenyewe. Lakini nakuonya: habari ya ngazi siifichi. Baba yako mdogo Ervin anamwandikia baba yako sasa hivi, hapa mezani, kwa jasho jingi.

Usipande tena ngazi. Kaa chini, mwanangu, kaa karibu na watu.

Mama yako mdogo,
Orpha

*

Indiana, 24 Oktoba 2009

Mwanyumba Mahlon,

Mimi si mwandishi. Barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kumposa Orpha, nayo ilikuwa mistari mitatu.

Masika ya 2006 uliambiwa nimekwenda Kentucky kuezeka mapaa. Uliponiona baadaye uliniambia nimekonda kwa jua la kule. Sijaezeka hata bati moja. Nilikuwa Michigan, kwenye nyumba inayoendeshwa na watu wetu kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Orpha naye hakwenda kutazama mtoto mchanga. Alikuja kunitazama mimi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha karakana, ng'ombe wanalia, maziwa yamewajaa, nawasikia, na siinuki. Orpha alikamua peke yake majira yote ya baridi. Nilitubu, Mahlon. Nilitubu mpaka nikaishiwa na dhambi zangu, nikaanza kuazima za majirani. Haikusaidia. Kilichonisaidia ni dawa, na mtu wa kuongea naye kila asubuhi, na muda.

Orpha ananiambia umesema anayeweza kuinua kijiko na hakiinui ni mkaidi. Mimi niliweza kuinua mkono. Mkono haukuwa ndio unaoumwa.

Wewe ni mfugaji mzuri kuliko mimi. Ng'ombe wako akiacha kula humwiti shemasi. Unamwita daktari wa mifugo kabla jua halijazama, wala humwonei ng'ombe aibu.

Juzi Lorene alishindwa kumaliza ngazi za ghalani. Jina langu waweza kulitaja kwa askofu na kwa yeyote. Nimechoka na Kentucky.

Ervin Bontrager

*

Ohio, 16 Novemba 2009

Mdogo wangu Orpha,

Nisamehe kwa kimya. Leo nina mengi, na karibu yote ni mema. Kaa chini uyasikie.

Barua ya Ervin ilifika Jumanne ile ya mwisho wa Oktoba. Mahlon aliisomea zizini, amesimama, na mimi nilikuwa nakusanya mayai nikamwona mgongo tu. Akaikunja. Akatoka akapita mbele yangu bila kofia, Orpha, shemasi bila kofia, akaenda mpaka kibanda cha simu cha njiani, akampigia dereva wa kukodi. Aliporudi akaniambia, "Mvalishe Lorene koti." Nikaanza kubisha. Nikasema kanisa litasemaje, nikasema tungoje Jumapili. Akaniambia, "Saloma, angekuwa ng'ombe ningemwita daktari mwezi wa nane." Nikaenda kulitoa koti. Nilimchukia Ervin kwa ng'ombe wake mpaka tulipofika hospitalini.

Walimlaza papo hapo. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu vya kukimbilia, na anaongea haraka kama Lorene wa zamani. Mahlon akamuuliza, maana alikuwa ameshika swali hilo njia nzima: "Daktari, ni dhambi au ni ugonjwa?"

Akasema, "Baba, dhambi si fani yangu, mtauliza kwenu. Ninachokijua ni hiki. Huyu binti ana ugonjwa wa akili. Una jina, una tiba, na ukiachwa unaua. Hakuuchagua, wala ninyi hamkumpa."

Nikasema, "Lakini akili yake ni nzima! Anajumlisha maziwa kichwani."

Akanishika mkono. "Mama, naamini. Akili nzuri nayo huugua, kama moyo mzuri."

Lorene alikuwa amelala anatusikiliza. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi si mwovu?"

Daktari akasema, "Nani amekwambia hivyo?"

Basi mtoto akalia. Nimemsikia akilia tangu siku ya kuzaliwa, na kilio kile sikukijua. Kilikuwa cha mtu anayetua gunia aliloambiwa ni sehemu ya mwili wake. Nami nikalia, Orpha, kwa furaha na kwa woga na kwa aibu yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nalikimbia neno, na neno lenyewe ndilo lililomfungua. Nilidhani litamfunga.

Sasa nirudi kwenye habari za kanisa. Mahlon alikwenda kwa Askofu Melvin akamwambia amemaliza kuzunguka, hakuna ugomvi wowote, binti yake ni mgonjwa wa akili, na akamtaja na Ervin kama alivyoruhusiwa. Askofu akamkaribisha kwanza akae. Unamjua, hana haraka hata nyumba ikiungua. Kisha akasema, "Sisi kusamehe tunajua. Kutibu hatujui. Basi tusiendelee kumsamehe mtoto ambaye hajakosa. Apelekwe kwa wanaojua." Akauliza kama Lorene ametuma neno lolote. Lorene alikuwa ametuma. Alisema, "Amani bado sina, lakini sina ugomvi na mtu." Askofu akasema, "Hiyo yatutosha."

Jana tulimega mkate. Kabla yake Mahlon alisimama akaliambia kanisa, kwa neno lenyewe, bila kulizungusha. Nilikaza macho kwenye viatu vyangu. Nikangoja dari lianguke.

Baadaye tukiwa kwenye beseni la vyombo, mke wa Delbert akaniinamia akasema, "Dada yangu alifariki hivyo, tukasema ni tumbo." Wa pili akasema kaka yake. Mke wa askofu mwenyewe, aliyemsifu Lorene, alinishika shingo akalia kwenye kofia yangu ya sala. Orpha, tulikuwa akina mama wanane kwenye beseni lile, na watano walikuwa na mtu wao wa Kentucky. Maji yalipoa, vyombo havikuisha, na hakuna aliyejali.

Lorene anakwenda Michigan keshokutwa, kwenye nyumba ile ile. Anakwenda kwa hiari yake. Sidanganyiki kwamba amepona. Daktari amesema safari ni ndefu. Lakini jana nililala, ndugu yangu, nikalala kama jiwe, kwa mara ya kwanza tangu matufaha.

Mwambie Ervin simchukii tena. Mwambie pia kwamba mdogo wangu alimkamulia ng'ombe majira yote ya baridi bila mimi kujua, na kwa hilo ninyi wawili mtanisikia nikija.

Dada yako akupendaye,
Saloma

*

Michigan, 8 Desemba 2009

Baba na Mama,

Sijambo kwa kadiri. Nimeombwa na mhudumu wangu niandike ukweli, nisiandike barua ya kuwapendeza, kwa hiyo huu ndio ukweli.

Kuna siku nawachukia wote hapa. Tunakula pamoja, na mhudumu anakaa kando yangu mpaka nimalize, naye ana subira ya ng'ombe mzee. Wiki iliyopita nilikilia kipande cha mkate kana kwamba nimefiwa. Mbwa wa mlangoni yupo bado. Lakini sasa najua kwamba ni mbwa tu. Zamani nilidhani ni sauti ya Mungu, na nilipomwambia hivyo mzee tunayeongea naye asubuhi, alisema, "Mungu hakufokei kwa ajili ya viazi, mwanangu." Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimetoka na kikohozi, lakini kilikuwa changu.

Nimeanza kusikia joto miguuni. Mama, usimwambie mtu lakini nimerudi kuongea sana. Msichana wa chumba cha pili ameniomba ninyamaze ili asali.

Jambo moja linanisumbua. Mpishi wa hapa anatoka Pennsylvania. Ni mama mwema, lakini tambi zake ni msiba. Anazichemsha mpaka zinasahau kama zilikuwa tambi, na siagi haikaangi kwanza, anaitupa juu ikiwa mbichi, na chumvi sijui ameiweka akiba ya nini. Jana nilikula sahani nzima nikiwa na hasira. Yeyote anayempikia mgonjwa tambi kama zile angepaswa kuitwa kwenye kikao cha kanisa. Nilitaka kumwonyesha, nikaogopa kuwa mjeuri.

Msalimieni kila mtu.

Binti yenu,
Lorene

*

Ohio, 14 Desemba 2009

Lorene mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika wakati wa chakula cha mchana. Nimeisoma mezani kwa sauti, yote, sikuruka neno wala sikukunja ukurasa.

Nilipofika kwenye tambi, baba yako akaweka uma chini. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Akasema, "Sahani nzima?" Nikasema ndivyo alivyoandika, sahani nzima. "Na zilikuwa mbaya?" Nikasema zilikuwa msiba. Akaanza kucheka, mabega yakamtikisika, akafunika uso kwa leso, na sikuweza tena kujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua. Wadogo zako walituangalia kama tumepagawa.

Baba yako ananiambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema. Anasema mpishi yule mheshimu, mshukuru kila siku, na usimfundishe kitu. Kisha anasema, wewe endelea kulalamika. Tuandikie kila wiki, na ulalamikie kila kitu wanachokuwekea mezani.

Tunangoja kwa hamu kusikia habari za supu.

Mama yako